Florida kwa Watu Wawili

Mimi nina mdomo, nalikubali hilo kabla hujaambiwa na mtu mwingine. Miaka sita nilisimama getini Qatar nikiwaambia mabwana wenye magari makubwa wafungue buti nikague, na sikumwogopa hata mmoja. Kwa hiyo nikikueleza kwamba ni mdomo huu huu ulioniponza, usidhani nilinyamaza mahali nilipopaswa kusema. Nilisema. Nilitamka neno moja, tena upesi, kama mtu anayetaja nambari yake ya kazi.

Jina langu ni Winfred, mtu wa Kitui. Niliingia Doha mwaka wa 2008, nikamwacha binti yangu Daisy kwa mama yangu akiwa na miaka mitatu. Baba yake tumwache alipo. Ajenti aliyetusafirisha alitukalisha wanawake kumi na wawili kwenye benchi pale ofisini kwake Nairobi, akatupa maagizo mawili. La kwanza, tusilie joto likituchoma. La pili, kwenye fomu, pale panapoulizwa watoto, kila mmoja aandike hana. "Huko hawataki mama wa mtu," alisema. "Mama wa mtu kila wiki ana dharura. Leo homa, kesho ameanguka. Wakijua, unarudishwa na ndege iliyokuleta." Tukainama tukaandika. Jirani yangu pale benchini alikuwa na maziwa yanayovuja kwenye blauzi, na yeye pia akaandika hana.

Fomu ile ikazaa nyingine. Mkataba, kitambulisho cha ukaazi, karatasi za hospitali, kila mahali nilikuwa mwanamke asiye na mtoto. Kampuni ilitupangisha sisi walinzi wa kike kwenye nyumba moja kubwa huko Al Wukair, watano kila chumba, na umbea wa nyumba ile ulifika ofisini kabla wewe hujafika bafuni. Kwa hiyo picha ya Daisy niliyoibandika juu ya kitanda ilikuwa ya mdogo wangu wa mwisho. Watu walisema tunafanana, nami nikasema ndiyo, sote tumemfuata mama.

Kwenye simu tulikuwa na utaratibu wetu. Daisy akipokea, kabla ya salamu, anauliza, "Uko peke yako?" Nikiwa juu ya paa naanika nguo, nasema ndiyo, naye ananiita mama. Nikisema hapana, ananiita dada Winfred, anaendelea na habari za shule kana kwamba hakuna kilichobadilika. Alianza kuyaweza hayo akiwa na miaka mitano. Hakukosea hata siku moja, na mimi mjinga nilikuwa nikimsifu kwa hilo.

Sasa ingia Eugene. Eugene alikuwa kijana wa Bungoma, karani wa stoo kwenye karakana moja ya malori kule Industrial Area. Ijumaa, siku ya mapumziko huko, ndiyo siku yetu ya kanisa, na ibada ikiisha alikaa na kompyuta yake kwenye kivuli cha ukuta, pembeni mwa magari, akiwajazia watu fomu. Hakuwa tapeli. Alikuwa na daftari gumu la mistari ambamo aliandika kila swali na kila jibu kabla ya kuligusa kwenye kompyuta, halafu unatia sahihi yako chini. Tulimcheka kwa hilo daftari. Oktoba 2013 alijaza bahati nasibu ya Green Card kwa watu kama thelathini, na Mei iliyofuata akafungua majibu ya wote, mmoja baada ya mwingine. Alishinda mmoja tu.

Alinipigia nikiwa ndio nashuka basi. Nikamwambia asinichezee, nimetoka kusimama saa kumi na mbili na miguu inaniwaka.

"Win, nakusomea jina lako," akasema, akalisoma herufi kwa herufi.

Nikakaa pale pale kwenye ngazi za nyumba yetu, na buti zangu za kazi, na wenzangu wakawa wanapita juu ya miguu yangu kuingia ndani. Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa Amerika. Kilikuwa Daisy, ameshika mkoba, amesimama mahali fulani karibu nami. Hata sikuona ni mahali gani.

Mahali palichaguliwa na Jennifer, binti wa shangazi yangu, ambaye alikuwa Florida mwaka wa saba akiwaogesha na kuwageuza wazee kwenye makao yao. "Njoo huku kwetu," akasema. "Hakuna theluji. Ni jimbo la jua. Wazee wa nchi nzima wakistaafu wanahamia huku kuota jua, na mzee akishaota jua lazima kuwe na mtu wa kumrudisha ndani. Kazi haishi." Nikamwambia jua si kitu cha kunivutia mimi. Kuna Agosti moja getini kwangu kule Lusail nusura soli ya kiatu ibaki kwenye lami. Nilichotaka kujua ni mshahara.

"Dola kumi kwa saa," akasema.

Jioni hiyo nilipanda juu ya paa na Velma. Velma ni wa Kakamega, kitanda chake kilikuwa juu ya changu, na aliwahi kusomea uhasibu hadi karo ilipokatika, kwa hiyo kalamu ilikuwa yake. Akaandika kumi, akaandika alama ya kuzidisha, akaandika mia tatu na kumi na mbili. Hakufikiri mara mbili, wala mimi sikumuuliza ametoa wapi. Saa kumi na mbili kwa siku, siku ishirini na sita kwa mwezi: huo ndio mwezi tunaoujua sisi. Ikatoka dola elfu tatu mia moja na ishirini. Akaigeuza iwe shilingi za Kenya, ikapita laki mbili na sabini elfu.

Tuliitazama ile namba. Mimi wakati huo nilikuwa nimepandishwa hadi riyali elfu moja mia nane, na hiyo ni kama elfu arobaini na tatu za nyumbani.

"Win," Velma akasema polepole, "ukifika huko usinisahau. Mimi hata kufua nitakufulia."

Asubuhi nikampigia Jennifer kumshukuru. Nilipomtajia hesabu yetu alicheka hadi akakohoa. "Saa mia tatu na kumi na mbili? Nani akupe? Huku wiki ni saa arobaini. Tena makao mengi wanakupa thelathini tu, ili wasilazimike kukulipia bima."

"Na saa zinazobaki watu wanafanya nini?" nikauliza, kwa hasira, kana kwamba Jennifer ndiye aliyeziiba.

"Wanatafuta kazi ya pili."

Akaniambia na mengine. Hakuna basi la kampuni linalokuja kukuchukua mlangoni. Bila gari huna kazi, na gari lina bima yake, na mafuta yake. Kodi ya nyumba unalipa mwenyewe, umeme mwenyewe, maji mwenyewe. Nilikuwa nimekaa Doha miaka mingi hivi kwamba nilishasahau maji yanalipiwa. Nikamwambia ngoja nichukue kalamu.

Jioni tukarudi paani. Saa arobaini kwa wiki, dola elfu moja mia sita kwa mwezi, kodi ya serikali ikishachukua haki yake zinabaki kama elfu moja mia nne. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala, mia saba na hamsini. Gari na vyote vyake, mia mbili na hamsini. Chakula mia mbili. Umeme, simu, vitu vidogo, mia. Velma akapiga mstari chini. Zikabaki dola mia moja.

Kisha akaandika Doha upande wa pili. Kitanda bure, basi bure, umeme bure. Chakula riyali mia tatu, simu na sabuni mia. Nilikuwa natuma nyumbani elfu moja mia nne kila mwezi bila kukosa, na hizo ni zaidi ya elfu thelathini na tatu. Ndizo zilizomsomesha Daisy na kumlisha mama, na ndizo zilizoiezeka nyumba ya mama kwa mabati.

"Kwa hiyo Amerika wanakulipa mara tatu," Velma akasema, "halafu unabaki na robo." Akaiweka kalamu chini. "Mimi ningekuwa wewe ningebaki."

Nilitaka kukubali. Karatasi ilikuwa pale na namba hazina upendeleo. Lakini nilipoisoma tena nikaona kitu nilichokuwa nimekitia mwenyewe bila kujitangazia. Chakula cha dola mia mbili kilikuwa cha watu wawili. Nyumba ilikuwa ya watu wawili, maana mtu mmoja angekodi chumba tu kwa Jennifer. Nilikuwa nimemwingiza Daisy katika kila mstari wa Florida, na katika mistari ya Doha hakuwemo, isipokuwa pale chini, kwenye pesa za kutuma. Miaka sita nilikuwa nimemwona miezi minne, likizo mbili za miezi miwili miwili. Likizo ya kwanza alinikimbia akajificha nyuma ya nyanya yake.

Sasa ningemwelezaje Velma, wakati yeye anajua ni mdogo wangu? Nikamwambia. Nikasema, "Velma, yule mtoto wa pale ukutani ni wangu. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Najua," akasema.

"Unajuaje?"

"Kila tarehe tisa Machi unafunika uso na shuka. Nani humlilia mdogo wake namna hiyo?" Akachukua kalamu tena, akaandika chini ya zile dola mia moja: na Daisy. "Basi enda. Hesabu imebadilika."

Tukakata shauri hivyo. Mwezi Juni nikampigia Daisy kutoka paani. Aliuliza kama niko peke yangu, nikasema ndiyo, nikamwambia kwamba mwakani tutahama, mimi na yeye, na nyanya atakuja kututembelea. Alikuwa na miaka tisa. Akauliza kama shule za huko zinalazimisha nywele fupi. Akauliza kama kuna ng'ombe. Halafu akauliza kitu ambacho kumbe ndicho alichokuwa akikizungukia.

"Na huko nitakuwa nakuita mama mbele ya watu?"

"Mbele ya kila mtu," nikamwambia.

Kesho yake, mama aliniambia, Daisy alikwenda shuleni akalitangazia darasa zima.

Agosti ikafika zamu ya fomu ya pili, ile ya kujaza kabla ya ubalozi kukuita. Ijumaa hiyo nilivaa gauni langu zuri. Eugene akafungua kompyuta pale kivulini, akafungua na daftari lake, tukaanza. Jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, kazi. Nilikuwa najibu huku nimekunja miguu kama bibi harusi.

"Watoto?" akauliza.

"Mmoja. Daisy. Tarehe tisa, Machi, mwaka 2005."

Hakuandika. Akaniangalia. "Win, si ulisema huna."

"Nani kasema?"

"Oktoba. Nilikuuliza."

Hapo ndipo nilipouachilia mdomo wangu wote. Nilimwambia Eugene kwamba yeye ni karani wa vyuma chakavu, asome vizuri kabla ya kucheza na maisha ya watu. Nilimwambia amechanganya fomu yangu na ya mtu mwingine kwa sababu ya tamaa ya kujaza nyingi siku moja. Watu waliokuwa wakitoka kanisani wakasimama. Yeye alingoja hadi nikaishiwa pumzi, kisha akarudisha kurasa za daftari nyuma, hadi Oktoba, akanigeuzia.

Lilikuwa jina langu. Mstari wa saba ulisema: Watoto, hakuna. Na chini kabisa ilikuwa sahihi yangu, ile yenye mkia mrefu ninayojivunia.

Nikakumbuka. Kulikuwa na foleni siku hiyo. Mara moja moja hujaribu kujitetea kwamba Ann, msimamizi wetu wa zamu, alikuwa nyuma yangu na karatasi zake mkononi, na kweli alikuwepo. Lakini sikugeuka kuangalia ni nani yuko nyuma. Eugene aliuliza una watoto, nami nikasema sina, nikaendelea kujipepea na bahasha. Lilitoka lenyewe. Nilikuwa nimelisema miaka mitano likawa limezoea njia.

Eugene akanisomea sheria, taratibu, mara mbili. Anayeacha kumtaja mtoto wake wakati wa kuingia bahati nasibu, ushindi wake unafutwa, wake na wa mtoto. Haijalishi kama alisahau.

"Kwa hiyo ziko njia mbili," akasema, na akanipa chupa yake ya maji. "Unaandika ukweli leo, wanakukataa. Au unaacha kama ilivyo, huna mtoto, unakwenda peke yako. Lakini pale ubalozini unainua mkono unaapa. Ukishaapa huna, huwezi kuja siku nyingine ukamtoa mtoto wa miaka tisa mfukoni."

"Na Oktoba nikijaza upya, na yeye ndani?"

"Jaza. Mimi nitakujazia bure."

"Umewahi kuona mtu akishinda mara mbili?"

Eugene hajui kudanganya. Akasema, "Bado."

Niliondoka bila kumwomba msamaha, nikamwomba wiki mbili baadaye. Aliniambia alishasahau, na najua hakuwa amesahau.

Velma alipiga hesabu mpya bila kuombwa. Mtu mmoja. Chumba kwa Jennifer dola mia tatu, hakuna haja ya nyumba. Gari la kuchangia na Jennifer. Chakula mia. Kazi ya pili Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa hakuna mtoto wa kumwangalia, aliiacha nje ya hesabu kwanza. Alipopiga mstari, zilibaki dola mia saba za kutuma kila mwezi, na pengine na zaidi. Shilingi elfu sitini na moja. Karibu mara mbili ya Doha.

Namba zilikubali siku mtoto alipotoka ndani yake. Niliichukia karatasi ile. Lakini sitakudanganya, sikuichana. Niliikunja nikaiweka kwenye mfuko wa sare, na wiki mbili nzima nilikwenda nayo kazini Lusail. Malori ya mchanga yalikuwa yanaingia kujenga mji ambao haukuwa na watu bado, mimi napandisha kizuizi, nashusha kizuizi, na mkono ukipata nafasi unaingia mfukoni kuigusa. Nilijiambia, elfu sitini na moja zingempeleka shule nzuri ya bweni. Nikajiambia pia kwamba nimeshaandika sina kwa wino mara nyingi, kuna tofauti gani kulisema mkono ukiwa juu?

Ikabidi nimwambie Daisy, kwa sababu alikuwa ameanza kugawa vitu vyake. Mama alisema amempa rafiki yake viatu vya mpira, ati kule atapata vingine. Nikapanda paani.

"Uko peke yako?"

"Ndiyo."

"Mama, nimempa Jebet viatu."

Nikamwambia kuna kosa kwenye fomu. Nikamweleza kwa lugha ya mtoto, kwamba waliuliza swali na mimi nikajibu vibaya, na sasa hawatakubali twende wawili. Nilisikia kuku wa mama wakigombana nyuma yake.

"Uliandika mimi sipo?"

Nilitaka kusema ni Eugene. Nilitaka kusema ni ajenti. "Ndiyo," nikasema. "Niliandika hivyo."

Akafikiri. Daisy hufikiri kwa sauti ya pumzi, utamsikia. "Basi wewe enda," akasema. "Mimi nitakuwa dada. Hata hao Wazungu wakipiga simu kuniuliza, nitawaambia wewe ni dada Winfred. Mimi huwa sisahau."

Sikulia nikiwa naye kwenye simu. Nililia baadaye, nimeshika kamba ya nguo, na sare za watu zilizolowa zikinipiga usoni. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amejitolea kutokuwepo, na alilisema kwa fahari kwa sababu ni mimi niliyemfundisha kwamba ni jambo analoliweza vizuri. Nikaitoa karatasi mfukoni. Nyuma yake palikuwa peupe, nikaandika hesabu ya tatu ambayo Velma hakuwa ameifikiria. Kitui. Mlinzi wa kike kwenye duka kubwa, elfu kumi na tatu kwa mwezi ukibahatika. Kiinua mgongo changu cha Doha, riyali elfu tano na kitu, kingetosha kuku mia mbili na banda lao. Karo ile ile. Nyumba ya mama, bure. Nilijumlisha mara tatu. Ilikuwa hesabu mbaya kuliko zote, na ndiyo niliyoichagua.

Mkataba wangu wa tatu ulikuwa unaisha Septemba. Nikaenda ofisini kumwambia Tom kwamba siurudii. Tom ni karani wa kampuni, Mhindi wa Kerala mwenye miwani ya kusomea inayoning'inia kwenye kamba, ambaye kwa miaka sita nilikuwa nikipita mlangoni kwake kwa kunyata. Aliuliza kama nimepata kazi kwingine. Nikasema narudi nyumbani. Akachapa karatasi zangu za kuondoka, akanisogezea niweke sahihi.

Watoto: 0.

"Hapa rekebisha," nikasema.

"Unaondoka, madam. Nirekebishe ya nini?"

"Rekebisha, Tom. Ni mmoja."

Akauliza jina, nikamtajia. Akauliza tarehe, nikamtajia. Nilikuwa nikingoja ainue kichwa, apige meza, aite mudir, yule mkubwa wake. Aliandika kwa vidole viwili, akabonyeza, mashine ikaanza kunguruma.

"Ningesema ukweli mwaka ule wa kwanza," nikamuuliza, "mngenirudisha?"

Sasa akainua kichwa. "Nani akurudishe? Huu ukurasa haujawahi kusomwa na mtu. Nusu ya wanawake wa Al Wukair wana watoto. Ann ana watatu." Akanipa karatasi. "Weka sahihi, madam, kuna watu nje."

Nikaweka sahihi. Ule mkia mrefu ukatoka mfupi. Niliumia kuliko Ijumaa ile ya Eugene, nasema wazi. Kama kungekuwa na mtu mbaya aliyekaa ofisini akitusubiri tukosee, ningekuwa na wa kumlaani. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na Tom tu, na foleni.

Basi la saa kumi na moja liliniokota pale nje, limejaa wanawake wa zamu ya mchana waliokuwa wakirudi Al Wukair, buti zimefunguliwa kamba, kofia mapajani. Ann alikuwa kiti cha mbele na daftari lake la mahudhurio. Velma aliniwekea nafasi karibu na dirisha. Nikatoa simu, nikabonyeza namba ya mama, na Velma akanishika mkono akifikiri nimesahau tuko wapi.

Ikapokelewa.

"Uko peke yako?" Daisy akauliza.

Nikabonyeza spika, nikaiinua simu juu kidogo ili isikike hadi mbele.

"Hapana," nikasema. "Niko kwenye basi. Tuko watu ishirini na wanane."

"Sawa, dada Winfred. Leo tulifanya mtihani wa—"

"Daisy. Niite mama."

Nilisikia pumzi yake ikifikiri. Ann alikuwa ameshageuza shingo, na kalamu yake imesimama.

"Si umesema kuna watu?"

"Ndiyo. Wote wanakusikiliza. Niite."